Nusu Kijiko kwa Petro, Nusu kwa Paulo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, pale Bwaise, nilikatazwa kunyoosha kidole kimoja kuelekea kusini jua likishazama. Kuonyesha ndege, kuonyesha mvua inakotoka, hata kumwonyesha mwizi, yote hayo ruhusa. Lakini upande ule wa kilima cha Makerere, kuanzia mwezi wa tano, giza likishaingia, unyooshe vidole viwili au mkono ubaki chini. Nami sikuwa mtoto wa kukaa na mkono chini. Mwili wangu haukutulia, kama kuku aliyefungwa mguu. Hata leo, nikiandika haya, nimeshainuka mara tatu: mara kuangalia mlango, mara kuonja maharage, na mara ya tatu bila sababu.

Sheria ile ililetwa na koko. Koko ndivyo sisi watu wa Kivu tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba. Alitoka kwenye milima iliyo juu ya Uvira akafika Kampala na vitenge viwili na sufuria moja, akatukuta katika vyumba vyetu viwili karibu na mfereji. Mama alikuwa amejifungua mapacha, Petro na Paulo, walikuwa bado wananyonya. Koko aliweka sufuria chini, hakuomba hata maji ya kunywa, akasema, "Leteni mapasa niwaone. Wote wawili. Mkono mmoja usije na mmoja."

Mapasa ni mapacha. Na kwa koko, mapasa walikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Ukimpa mmoja ndizi, mpe na mwingine, hata kama amelala; imwekee kando ya kichwa. Ukimvalisha mmoja, mvalishe na mwenzake. Ukimchapa mmoja, yule mwingine umguse angalau begani. Ukiwatenganisha, mmoja ataona amekataliwa na ataanza kurudi alikotoka. Mama, aliyelelewa kwa wokovu tangu tumboni, alisikiliza haya yote na kukaza kilemba. Ila nilimsikia akimwambia baba, aliyekuwa fundi cherehani kule Kamwokya, "Mama yako ni mtu mwema, lakini ameleta msitu nyumbani."

Jioni koko alitutoa nje. Palikuwa na nafasi ndogo nyuma ya choo ambapo mtu aliweza kuona kusini bila nyaya za umeme kumkata macho. "Ngoja," alisema. Ikatokea nyota moja. Baadaye, kushoto kwake na chini kidogo, ikatoka nyingine, kubwa zaidi, nyeupe yenye manjano kidogo. "Hao ndio mapasa wa juu," alisema koko. "Wa kwanza ni mdogo, ametumwa kuchungulia kama dunia ni nzuri. Wa nyuma ndiye mkubwa. Unaona vile wanafuatana? Hawa batoto wetu ni wa kwao. Kila wakitoka, tunawapeleka wasalimiane." Akainua vidole viwili, maana kimoja kingewatenganisha, na mimi nikainua viwili, na Petro akalia kwa sababu ya mbu.

Jirani yetu Maama Nakku, Mganda mwenye duka la mkaa, alituona akacheka mpaka akaegemea mlango. Hakucheka kwa dharau. Kwao pia mapacha ni jambo zito. Yeye ndiye aliyemwita mama yangu Nnalongo, yaani mama wa mapacha, na mimi alinipa jina langu. "Wee Kigongo, wewe nakimbia wapi tena?" Kila siku hivyo. Nikamuuliza Kigongo ni nini. "Mtoto natangulia mbele ya balongo, mapacha, yeye iko Kigongo. Yeye ndiye mugongo yao." Koko alipoelezwa alifurahi sana. "Watu hawa wana akili," alisema. "Wanamkumbuka hata aliyetangulia."

Mimi sikufurahi. Nataka niseme ukweli maana nimechoka kuuzungusha. Nilikuwa na wivu. Nilikuwa mtoto peke yangu miaka saba, halafu wakaja wawili kwa mpigo, na mgongo wangu ukawa kitanda chao. Shuleni nilinuka maziwa. Wenzangu wakicheza kamba, mimi namtingisha Petro. Nikimaliza Petro, Paulo anaamka.

Basi jioni moja, watoto wakiwa na miaka miwili, mama hajarudi sokoni, koko anamenya viazi ndani. Kwenye kibanda cha video cha jirani spika ilikuwa inanguruma, na watoto walikuwa wamejazana nje wakichungulia kwenye matundu ya mabati. Miguu yangu ilikuwa inawasha.

"Mapasa wa juu wametoka," koko aliita. "Lakini Petro amelala. Mngoje aamke, uwatoe pamoja."

"Ndiyo, koko."

Sikumngoja. Nilimbeba Paulo kiunoni, nikatoka mbio hadi kibandani. Mtoto wa Maama Nakku, Nakku mwenyewe, alikuwa pale na mdomo wake.

"Mwangalieni Mkongo! Eti wanasalimia nyota."

"Siyo nyota tu," nikasema. "Ni mapacha."

"Mwongo. Ziko wapi?"

"Zipo."

"Onyesha basi. Hujui. Bibi yako anawadanganya."

Nikaonyesha. Kidole kimoja, kimenyooka kama msumari. "Ile! Na ile!" Na Paulo alikuwa peke yake kiunoni kwangu, akitazama kidole changu. Kabla sijaushusha mkono nilijua nimefanya nini. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Nilirudi nyumbani nikimficha Paulo chini ya sweta, nikamlaza kando ya mwenzake, nikawapanga mikono yao igusane.

Kesho yake Petro aliamka mwili ukiwaka.

Sasa ona. Aliyepigwa na baridi ile alikuwa Paulo. Petro alikuwa ndani amejifunika. Leo, mtu mzima, naona jambo hilo moja lingetosha kunifungua. Chumba chetu kilikuwa na unyevu, maji ya mfereji yalikuwa yameingia wiki iliyopita, nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wakikohoa. Lakini akili ya mtoto mwenye hatia huona njia moja tu. Niliona wazi kabisa: nimemsalimisha mmoja, nimemwacha mwingine, na aliyeachwa anaondoka.

Mama alimpeleka kliniki, akarudi na chupa ya dawa ya maji, ya kifua, rangi ya waridi. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda kuuza vitenge mjini, na macho ya koko yalikuwa yamefifia, hakuweza kuona mstari kwenye kijiko. Kwa hiyo dawa nilikabidhiwa mimi, kwa sababu nilikuwa darasa la nne na nilijua kusoma.

"Faida," mama alisema, ameshika kidevu changu. "Kijiko kizima. Asubuhi, mchana, jioni. Usiruke. Umesikia? Kizima."

"Nimesikia, mama."

Na hapa ndipo penye dhambi yangu, na siyo pale kwenye kidole. Mama alipotoka, nilimimina kijiko kizima, nikawatazama wote wawili wamekaa kwenye mkeka, Paulo amefungua mdomo kama kifaranga. Nikawaza: nikimpa Petro peke yake nitakuwa nimewatenganisha mara ya pili. Nikampa Petro nusu. Nusu iliyobaki nikampa Paulo. Nilifanya hivyo asubuhi, mchana, jioni, siku nne. Nilifanya kwa uangalifu mkubwa, sikumwaga hata tone. Nilikuwa nashona nilichokipasua. Kila nikimaliza nililamba kijiko na kuomba, "Bwana Yesu, warudishe wakae pamoja." Sikuona kwamba nilikuwa nachanganya mambo. Nilidhani Mungu na koko wanasikilizana.

Siku ya nne usiku ulipokuwa unaingia Petro alianza kupumua kwa kishindo. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta hewa, na puani kulikuwa na sauti kama filimbi iliyovunjika. Mama alirudi akamwona, akaangusha furushi la vitenge mlangoni kwenye tope. Baba aliitwa kutoka Kamwokya. Maama Nakku akaja na taa. Mama alikuwa anaitikisa chupa.

"Dawa amekunywa?"

"Amekunywa," nikasema.

"Yote?"

"Kila siku."

Maama Nakku, maskini, hakuwa na nia mbaya. Alisema tu alichokiona kutoka mlangoni kwake. "Hata Paulo nakunywa hiyo dawa, Nnalongo. Mimi naona. Kidogo huyu, kidogo huyu."

Mama hakunitazama. Alimtazama koko, na hilo sitalisahau, kwa sababu lilinionyesha kwamba mama alikuwa ameshangoja siku ile muda mrefu.

"Nani alisema Paulo apewe dawa ya Petro?"

Koko alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na macho yake yale yaliyofifia yalinielekea mimi. Alinitazama kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu hadi tano. Nadhani aliniona vizuri kuliko siku zote.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia mtoto agawe. Mapasa hawatenganishwi."

"Mama!" Baba ndiye aliyepiga kelele.

"Nimesema ni mimi. Mpelekeni huyo mtoto hospitali, mtanigombeza baadaye."

Nami nikanyamaza. Nilisimama pale, kijiko kikiwa bado mfukoni mwa gauni langu, nikanyamaza.

Petro alilazwa siku tisa. Mungu ni mwema, alipona. Alirudi amekonda, shingo kama ya kuku, na Paulo alipomwona alimpiga kibao kisha akamkumbatia. Lakini mama hakurudi kuwa yule yule. Alisema kwa sauti ndogo kabisa, sauti inayoogopesha kuliko kelele, kwamba hawezi kwenda sokoni huku roho yake imebaki nyumbani. Mwezi haukuisha, koko akapelekwa kwa baba mdogo kule kambini Nakivale, mbali, kusini magharibi.

Asubuhi ya safari nilimbebea ile sufuria yake hadi barabara ya Bombo. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Usiku mzima niliipanga sentensi. Tulipofika, koko alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, na kabla sijafungua kinywa alisema, "Usiseme kitu. Wewe umewabeba hao wawili tangu wamezaliwa. Aliyebeba naye hubebwa." Kisha akapanda gari. Alikaa upande wa dirisha, akainua vidole viwili. Nilikimbia nyumbani nisichelewe shule. Ndivyo nilivyomlipa.

Alifariki kule nikiwa na miaka kumi na tatu. Baba alikwenda kuzika. Mama hakwenda.

Sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Nimeolewa, nina kibanda cha mboga Kamwokya, naimba kwaya sauti ya pili. Niliungama dhambi nyingi kanisani kwa miaka hii: uongo, hasira, kumsema mwanamke mwenzangu wa zamu ya kufagia kanisa. Ile ya kijiko niliipita kila mara kama mtu anavyoruka shimo analolijua njiani. Na kila mwezi wa tano jua likizama, sikuweza kukaa. Mume wangu alidhani ni tumbo.

Mwaka huu mwezi wa sita kanisa letu la Mengo lilifanya kambi ya vijana, sisi kina mama tukaenda kupika. Kuna kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, Isaya, alileta darubini, mrija mnene umewekwa juu ya miguu mitatu. Saa mbili hivi, tumeshaosha masufuria, aliita anayetaka achungulie. Aliielekeza kusini. Niliona anakoielekeza, nikafuta mikono kwenye kitenge nikamsogelea.

"Hizo mbili," nikamwambia, "kwetu ni mapacha."

Mwalimu Isaya alitabasamu kwa heshima. "Mama Faida, nikuambie siri? Hizo mbili siyo ndugu. Zinaonekana jirani tu kutoka hapa tulipo. Ile ndogo iko mbali sana nyuma, mara tisini hivi zaidi ya hii. Lakini hii kubwa, chungulia."

Niliinama. Mwanzo niliona mwanga unatetemeka, nadhani ni jicho langu lililokuwa linatetemeka. Halafu ukatulia, na nyota moja ikawa mbili. Punje mbili za mwanga, zimekaribiana, hazigusani. Moja ya manjano, nyingine kama imeelekea rangi ya chungwa.

"Hao ndio mapacha wa kweli," alisema. "Mmoja ni mkubwa kidogo kuliko jua letu, mwingine ni mdogo kidogo. Wanazungukana. Mzunguko mmoja unachukua kama miaka themanini. Kuna wakati wanakaribiana, kuna wakati wanaachana mbali, lakini kila mmoja anamshikilia mwenzake."

Miaka themanini. Umri wa mwanamke mzee, mzunguko mmoja. Nikamuuliza kama zina majina. Akasema Waarabu wa zamani waliona pale mguu wa mnyama mkubwa, nusu mtu nusu farasi, wakaiita nyota hiyo mguu. Na kuna jina lingine lililotoka kwao, la mbuni. Mabaharia waliishika kama dira. Mwanga ninaouona, alisema, uliondoka kule miaka minne na kitu iliyopita. "Na kuna wa tatu," akaongeza. "Huyo huwezi kumwona hata kwa darubini hii. Mdogo, mwekundu, amefifia. Yuko mbali na hao wawili lakini anawazunguka. Na ndiye aliye karibu nasi kuliko nyota zote, ukiliacha jua."

"Huyo naye ana jina?"

"Jina lake maana yake ndiyo hiyo hiyo. Aliye karibu."

Nilibaki nimeinama muda mrefu mpaka vijana nyuma yangu wakaanza kukohoa kwa makusudi. Nilikuwa nafikiria kwamba koko alikosea kuhusu wale wawili na hata hivyo aliangalia mahali penyewe. Na mimi nilisoma kijiko sawasawa, na mtoto karibu afe. Sijui Mungu anatupimaje. Mchungaji wetu husema nyota siyo za kuabudiwa, naye anasema kweli; lakini aliyeziumba anazijua moja moja kwa jina, hata zile mbili tulizozihesabu moja, hata ile isiyoonekana. Kama anaijua hiyo, basi alikuwa anakijua kijiko kilichokuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimemficha nani?

Sikurudi nyumbani. Nilipanda boda hadi Bwaise kwa mama.

Alikuwa uani anakunja nguo zilizokauka. Petro na Paulo, wanaume wenye ndevu sasa, walikuwa wametoka kazini, wanagombana kuhusu mpira. Nilisimama, sikukaa, nisije nikapata raha. Nikasema yote. Kidole, kibanda, nusu kijiko, siku nne. Nikasema koko hakuniambia kitu. Nikasema alinitazama akajua, akabeba.

Petro aliuliza, "Ni mimi niliyekuwa nakufa?"

"Ni wewe."

"Na huyu akanywa dawa yangu?" Akamsukuma Paulo. "Ndiyo maana mnene!" Walicheka, kisha wakamwona mama, wakaacha.

Mama alikuwa amekunja shati moja akalikunjua, akalikunja tena. "Kila Krismasi koko wako alikuwa ananitumia salamu kupitia kwa baba yako," alisema. "Sikuzijibu hata moja." Halafu akanitazama, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umezeeka tu mbele ya macho yangu. "Ningekuchapa, Faida. Ningekuchapa siku moja, yangeisha."

Hayo ndiyo ninayozunguka nayo tangu siku ile. Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa kuwatenganisha mapacha, na mapacha hawajatengana hata siku moja. Wanalala chumba kimoja na kila mmoja huvaa soksi za mwenzake. Niliowatenganisha ni wanawake wawili. Kimya changu kilikaa kati yao, na kila mmoja akafa moyo upande wake. Koko alinibeba kwa upendo, nashukuru, lakini mzigo ule haukuwa wa kubebwa. Ulikuwa wa kutuliwa chini, mtoto achapwe, watu wale chakula.

Mama aliweka shati juu ya ndoo, akatoka nyuma ya choo, pale pale. Nikamfuata. Kuna gorofa sasa upande wa kulia, lakini kusini bado pako wazi kidogo.

"Ni zipi?" aliuliza. Miaka yote ile hakuwahi kutoka nje kuziangalia.

Nikainua vidole viwili. Alitazama kwa muda, midomo imekaza, kama anavyomtazama mteja anayependa kubishana. Kisha akauliza basi la Mbarara linaondoka saa ngapi, na kama kutoka pale hadi kambini, alikozikwa koko, kuna gari la asubuhi.

Nikamwambia la kwanza ni saa kumi na mbili.

"Basi lala hapa," akasema. "Tusichelewe."